Tupeane uzoefu: wanawake wa Unguja na Pemba ambao kazi yetu ni bahari

Mwanzisha mada, Jambiani

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Kwetu Jambiani mwanamume akiondoka alfajiri na mishipi yake husemwa kuwa amekwenda bahari, na mwanamke akiondoka saa ile ile na kikapu chake husemwa kuwa amekwenda pwani. Nimekua nikiyasikia maneno hayo mawili bila ya kuyapima, mpaka mwaka jana nilipofika ofisi moja kujaza fomu ya mkopo wa vikundi na kijana aliyekuwa akiniandikia akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia kuwa ninalima mwani na siku za bamvua ninatafuta pweza. Akaandika "mama wa nyumbani". Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa upole, wala sikumwona kuwa na nia ya kunidharau, kwamba katika orodha yake kuna mvuvi mwenye chombo na kuna mkulima mwenye shamba, na mimi sina chombo wala shamba langu haliko nchi kavu. Nilirudi nyumbani na fomu ile mkobani, na tangu siku hiyo neno "pwani" limenikaa moyoni.

Mama yangu alikwenda pwani zaidi ya miaka thelathini. Akijua maji yatapwa saa ngapi kwa kuutazama mwezi tu, akijua ni jiwe gani lina chaza na ni jiwe gani lina nyenga chini yake, na watoto sita tulikula kwa ujuzi huo. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, hapakuwa na karatasi hata moja inayosema kuwa bibi huyu alikuwa mtu wa bahari.

Nimeona basi tuandike wenyewe. Mwenye kulima mwani, mwenye kuchokoa pweza, mwenye kutanda uduvi, mwenye kuchemsha dagaa, na mwenye kufanya kazi ndani ya meli, kila mmoja aseme kazi yake aliifunza kwa nani, imempa nini, imemuumiza wapi, na jambo gani angependa mwenzake alijue kabla hajatia mguu majini. Naomba tuandike yaliyotufika wenyewe, si ya kuambiwa.

Bi Mkubwa wa Paje

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi nimeuona mwani tangu siku unaletwa. Ilikuwa mwaka 1989, na mbegu zilitoka Ufilipino. Kabla ya hapo kazi yetu kubwa ya pwani ilikuwa makumbi: unayafukia shimoni, unayawekea mawe juu, unayaacha miezi mingi mpaka yalainike, kisha unayafukua na kuyaponda kwa mti upate nyuzi za kusokotea kamba, na harufu yake haikutoki mwilini hata ukioga mara tatu. Mwani ulipokuja wanaume kadhaa waliujaribu, wakaona kuinama saa tatu majini kwa malipo yanayokuja baada ya mwezi na nusu hakuwafai, wakarudi kwenye nyavu zao na baadaye wakaenda mahotelini. Tukabaki sisi.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe iko hivi. Bamvua likiingia, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hupwa mbali sana, na ikifika saa nne asubuhi unaweza kutembea hadi karibu na mwamba. Una vijiti ulivyovipigilia mchangani, kati ya kijiti na kijiti umetandika kamba, na kwenye kamba umetia taitai, vile vikamba vyembamba vya plastiki. Kila taitai huishika kishada kimoja cha mbegu. Fundo lake ndilo elimu ya kazi hii, kwa sababu ukilikaza mwani hukatika shingoni na ukililegeza mkondo huuchukua, na hakuna wa kukuambia kiasi chake isipokuwa vidole vyako baada ya misimu miwili au mitatu. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unabeba kichwani, unaanika. Kilo saba au nane mbichi zikikauka hubaki kilo moja, na mnunuzi hununua mkavu.

Sitaukufuru mwani. Nyumba ninayolala imeezekwa kwa mabati ya mwani, na binti yangu mkubwa alimaliza skuli kwa mwani wakati baba yake yuko kwenye dago, yaani kambi ya wavuvi, huko bara na hajaleta habari miezi minane. Miaka ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika pesa ambayo sikuiomba kwa mtu.

Lakini naomba vijana wasikie na hili. Tulipoanza tulikuwa na aina mbili, spinosum na kotonii, na kotonii ndiyo yenye bei, aghalabu maradufu ya mwenziwe. Hiyo ndiyo iliyotukimbia. Siku za kaskazi maji ya kina kifupi hushika moto mpaka ukitia mguu unahisi kama umeutia kwenye maji ya kufulia, na mwani huanza kuwa mweupe ncha za vidole, ukalainika, ukakatika vipande, na asubuhi ya pili unakuta kamba tupu na taitai zake zinachezacheza. Nilidhani nimefanyiwa hasadi. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwamo Dk. Flower Msuya aliyeufuatilia mwani wetu kwa miaka mingi, ndio waliotufahamisha kwamba ni joto la maji, na kwamba mwani uliodhoofishwa na joto hushikwa na maradhi upesi. Mpango wa kuwaunganisha wakulima na watafiti ulipoanza mwaka 2006 wanawake wengi tukafundishwa kusaga mwani na kutengeneza sabuni, na sabuni zimesaidia. Hata hivyo sabuni haikuirudisha kotonii. Kotonii inataka maji yenye kina na ubaridi, na huko ndiko ambako wengi wetu hatukuwahi kufundishwa kwenda.

Macho yangu sasa hayaoni vizuri, kwa mng'aro wa jua juu ya maji, na mgongo mnauelewa wenyewe. Anayeanza leo avae kofia pana, avae viatu vya mpira, na asibebe gunia bichi peke yake.

Mkulima wa Kiuyu Mbuyuni, Pemba

Bi Mkubwa amesema yote kuhusu shamba, mimi nitasema kuhusu mizani. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar siku hizi inatoka huku kwetu Pemba, na Kiuyu ardhi yetu ni mawe, hivyo mwani ndio muhogo wetu na ndio mpunga wetu. Kwa muda mrefu tulikuwa tukipeleka viroba kwa mnunuzi na kupokea hesabu anayotuambia. Msimu mmoja tukaazima mizani ya dukani, tukapima viroba vitano nyumbani kabla ya kuvipeleka, na kila kiroba kikapungua njiani kilo mbili au tatu, ilhali njia yenyewe ni mwendo wa dakika kumi. Hatukugombana na mtu. Tulichanga tukanunua mizani ya kikundi, tukaibeba pamoja na viroba na kuiweka chini mbele ya mizani yao, na tangu siku hiyo hesabu zimekuwa zikilingana. Jambo jingine ni kuanika juu ya chanja badala ya mchangani, kwani mwani usio na mchanga hakuna wa kukukatia bei.

Mchokoaji pweza, kisiwa kimoja kusini mwa Pemba

Mimi nilifunzwa na bibi yangu mzaa mama nikiwa na miaka tisa. Alikuwa hasemi sana. Alikuwa akisimama juu ya jabali, ananyoosha mti wake kuelekea mahali, na mimi natakiwa nione.

Pweza humtambui kwa kumwona, kwa sababu rangi yake ni rangi ya jiwe alilokaa. Unautambua mlango wake. Akila kaa au kombe hutupa maganda nje, basi ukiona maganda meupe mapya yamerundikana kwenye tundu, na vijiwe vimepangwa kama mtu aliyejiwekea kizingiti, hapo pana mwenyewe. Unatia mti taratibu na kumgusa. Akiushika, usivute, kwani ukivuta atajikaza ndani na mtashindana mpaka maji yajae. Mwache apande juu ya mti kwa hasira yake, na akishatoa mwili umkamate upesi nyuma ya kichwa. Na ukimkuta jike limelalia mayai, mayai yamening'inia dari ya pango kama shanga nyeupe, utalijua kwa kuwa halitoki hata ulichokoe namna gani. Bibi alikuwa akiliacha. Akisema, "Huyo ana kazi yake."

Tuliyategemea mawe ya kina kifupi kwa sababu ndiyo tunayoyafikia kwa miguu. Kisha bei ya pweza ikapanda, na vijana wa kiume wakaja na miwani na mikuki wakizamia, wakateremka mpaka kwenye mawe yetu, na kwa misimu kadhaa nilikuwa narudi na pweza mmoja mdogo asiyetosha mchuzi. Kijiji kilipokubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu mitatu, mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga, kwa sababu niliona wanafunga pale pale tunapopata riziki sisi na kuacha wazi kule wanakokwenda wao. Nilikosea kuhusu pweza, kwani hukua haraka mno, na siku ya ufunguzi tuliwaona wa kilo tatu na nne ambao sikuwaona tangu utoto. Sikukosea kuhusu watu. Siku ile wenye vyombo walitangulia tangu alfajiri, na sisi wa miguu tulipofika maji yalipopwa tukakuta matundu yamekwishapekuliwa.

Tulilipeleka jambo hilo kwenye kamati, ambayo ilikuwa na wanawake wawili kati ya wajumbe kumi na wawili. Ilichukua mikutano minne. Sasa utaratibu ni kwamba siku ya ufunguzi sehemu ya kina kifupi ni ya wenye miguu mpaka maji yaanze kujaa, na wenye miwani hubaki upande wa kilindi. Ufunguzi uliopita nilipata pweza saba. Nawaomba wenzangu ambao vijiji vyao vinafikiria kufunga, msiende kuuliza kama mwamba ufungwe au usifungwe. Ulizeni nani ataingia kwanza siku ukifunguliwa, na liandikwe kabla ya kufungwa.

Mwanzisha mada

Ahsanteni sana. Dada wa pweza, nimeyasoma maneno yako mara mbili, na la bibi yako nimelisoma mara tatu. Bi Mkubwa amegusa jambo ambalo ningependa tulikalie, yaani kwamba kotonii imehamia kwenye kina. Kuna yeyote aliyeifuata huko?

Mkulima wa maji ya kina, Muungoni

Mimi niliifuata, na ilinibidi kwanza nijifunze kuogelea nikiwa na miaka arobaini na moja.

Watu wa bara hushangaa nikiwaambia kuwa nimezaliwa hatua mia kutoka majini na sikuwa najua kuogelea. Kwetu watoto wa kiume hujifunza kwa kurukaruka gatini, na msichana akishafika umri fulani huambiwa aondoke pale, na hakuna aliyeona kuwa kuna ubaya. Kwa miaka ishirini nililima mwani maji yakinifika magotini, na siku yakinifika kifuani moyo wangu ulikuwa ukienda mbio kana kwamba nimo ugenini.

Tulipoanza kutumia kamba za kuelea na ile mifuko mirefu ya nyavu, ambayo unaitia mbegu ndani ili isikatwe na mawimbi, tulikuwa wanawake kumi na wawili na mtumbwi mmoja. Tulimlipa kijana wa kupiga kasia. Bila ya kukusudia, yeye akawa ndiye mwenye kuamua lini tunakwenda na saa ngapi tunarudi, na siku akipata kazi ya kuvua, mwani wetu ulikuwa ukikaa majini mpaka amalize. Siku moja mwenzetu aliinama kushika kamba, mtumbwi ukalala upande mmoja, akatumbukia, na mguu wake ukanasa kwenye mfuko wa nyavu. Maji hayakuzidi kimo cha watu wawili. Kijana alimtoa, alhamdulillahi, lakini sisi wengine tulikuwa tumekaa ndani ya mtumbwi tukipiga kelele, mikono yetu haina la kufanya, na mimi nilikuwa nimemshika ncha ya mtandio na siwezi kumfuata. Sijaisahau ile hali ya kushika nguo ya mtu.

Aliyetufundisha ni mpwa wangu wa kike, ambaye alijifunza skuli. Alituchukua siku za maji mafu, kwa kuwa siku hizo mkondo ni mdogo na maji hayapwi mbali, tukaenda upande usio na watu, tumevaa suruali, baibui fupi iliyobanwa kifundoni, na vitambaa vya kichwa vilivyofungwa nyuma. Wiki mbili za mwanzo hatukuogelea hata kidogo. Alitulaza chali, mkono wake mmoja chini ya kisogo, akatuambia tutazame mawingu na tuvute pumzi. Mwili wangu ulikuwa umekakamaa kama ubao, na kila akitoa mkono nilikuwa nikizama, mpaka Jumanne moja alipoutoa na mimi nisijue kuwa ameutoa. Masikio yangu yalikuwa ndani ya maji, nikasikia ile sauti ya mchanga na mawe ikisagika chini, kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika maisha yangu yote ya pwani.

Hivi sasa tisa kati yetu tunaogelea na watano tunapiga kasia. Kijana tumemwacha aende na shughuli zake kwa wema. Kotonii yetu haijawa nyingi, na msimu wa kaskazi bado hutupunguzia, lakini ipo. Siku ya kwanza niliporudi bila ya mwanamume chomboni, jirani aliniuliza ninatoka wapi, nikamjibu kuwa ninatoka bahari. Sikulipanga neno hilo, lilinitoka lenyewe, na nimelikumbuka niliposoma mada hii.

Afisa wa meli, kutoka Chake Chake

Nimewasoma mama zangu na dada zangu kwa heshima kubwa, na nimesita kuandika kwa kuwa kazi yangu haina jua la mchana mzima wala gunia kichwani. Lakini Bi Mwanzisha mada ametaja wenye kufanya kazi ndani ya meli, nami ni mmoja wao.

Nilipokuwa skuli, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na ndani yake alikuwamo shangazi yangu. Hapana nyumba ya Pemba isiyojua maana ya tarehe hiyo. Wengi katika ukoo waliapa kutopanda tena meli. Mimi nilitaka kujua nani alikuwa akihesabu watu na mizigo, na kwa nini mtu huyo asiwe mimi. Baba alikataa mwaka mzima, kisha akanipeleka mwenyewe Chuo cha Bahari Dar es Salaam.

Darasani hakukuwa na tabu. Tabu ni muda wa bahari. Huwezi kupata cheti cha afisa bila ya kutumikia melini kama kadeti, kwa kawaida miezi 12 yenye kumbukumbu zilizotiwa saini, na kila kampuni niliyoiendea ilinijibu kuwa haina chumba cha mwanamke. Wenzangu wa kiume niliowapita kwa alama walishaondoka. Nilingoja miaka miwili. Chombo kilichonichukua mwishowe kilikuwa cha mizigo, mimi peke yangu mwanamke kati ya watu kumi na wanane, na kitasa cha chumba changu kilikuwa kimeharibika. Nilimwomba mkuu wa sitaha kwa mdomo mara tatu. Mara ya nne nilimwandikia barua yenye tarehe na nikabaki na nakala, na kitasa kikatengenezwa jioni ile ile. Hilo ndilo ninalowaambia wasichana wote: meli ni mahali pa maandishi, na lisiloandikwa kwenye daftari huhesabiwa kuwa halikutokea.

Taarifa ya jumuiya za wenye meli ya mwaka 2021 ilihesabu mabaharia wanawake 24,059 duniani kote, ambao ni kiasi cha asilimia 1.28 tu ya mabaharia wote. Tarehe 18 Mei ya kila mwaka imewekwa kuwa siku yetu. Ninaifurahia, ingawa kitasa kizuri ningekifurahia zaidi.

Sasa niko kwenye njia ya Unguja na Pemba. Tunapoipita Nungwi usiku, zamu ikiwa yangu, nasoma Fatiha kimya kimya, na kabla ya kuondoka gatini ninahesabu abiria mimi mwenyewe, hata kama nimeshakabidhiwa hesabu.

Mchemshaji dagaa, Mangapwani

Langu ni fupi. Sisi tunachemsha na kuanika dagaa, na moshi wa kuni ndiyo bahari yetu. Dagaa hushushwa usiku, kwa hiyo ndoo ya kwanza utaipata saa tisa za usiku, na mwenye mtoto mchanga humlaza kwenye ndoo tupu karibu yake. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mtaji wote umekwenda. Ninaomba tu anayeandika orodha za wavuvi atuandike na sisi.

Mgeni, Bwejuu

Shikamooni. Mimi nina miaka ishirini na miwili, nina mimba ya miezi mitano na huu ni msimu wangu wa pili wa mwani. Mume wangu ananiambia niache na mama mkwe ananiambia wao walifanya mpaka mwezi wa tisa. Naomba mnishauri. Pia ningependa kujifunza kuogelea, lakini naona haya kusema nyumbani.

Bi Mkubwa wa Paje

Marahaba mwanangu. Ni kweli tulifanya mpaka mwezi wa tisa, na mimi mwenyewe nilimpoteza mmoja, ingawa siwezi kusema kuwa ni kwa sababu ya mwani. Kwanza nenda kliniki na uwaambie wazi kuwa kazi yako ni kuinama majini na kubeba, kwani usipowaambia hawatauliza. Kufunga mbegu unaweza ukifungia nchi kavu, umekaa kivulini, umenyoosha miguu. Gunia bichi usiliguse. Mwambie mama mkwe wako kuwa mkongwe wa Paje amekukataza, na kama ana neno aje kwangu tuzungumze, sisi ni wa rika moja.

Mkulima wa maji ya kina, Muungoni

Na kuhusu kuogelea, mwanangu, jifungue salama kwanza na umalize arubaini zako. Ukiwa tayari, njoo na wifi yako mmoja au wawili, mtakuwa wageni wetu siku za maji mafu, na nyumbani sema kuwa unakwenda Muungoni kwa shangazi yako kujifunza kilimo cha kina, kwa sababu ndiko unakokwenda. Usije na kanga nyepesi, hupanda juu maji yakiingia. Suruali nitakushonea mimi, nitumie tu urefu wa mguu.